Daktari Aingie, Mhubiri Abaki Pwani

Kutoka Manama, Bahareni, hadi bandari ndogo ya Uqair iliyo upande wa bara katika mkoa wa al-Hasa, haikuwa safari ndefu kwa jahazi lililopata upepo mzuri. Wafanyabiashara wa lulu, wauza tende, mahujaji na wagonjwa walivuka maji hayo kila msimu bila kuona kuwa wamefanya jambo kubwa. Kwa wamisionari wa Kimarekani waliokuwa na hospitali yao Manama, mambo yalikuwa mengine kabisa. Watu hao walivuka Atlantiki na Bahari ya Mediterania bila shida ya maana, lakini kati ya vita viwili vikuu vya dunia kipande hicho kidogo cha Ghuba kiliwasimamisha miaka kwa miaka, kwa sababu mbele yao kulikuwa na mtawala ambaye lazima aalike, na nyuma yao kulikuwa na afisa wa Kiingereza ambaye lazima aridhie.

Habari za misheni hii nimezifuatilia kwa muda, kwa sababu ambayo ni ya kiukoo zaidi kuliko ya kidini, na nitaifikia mbele kidogo. Kilichonishika zaidi ni suala la vibali. Tumezoea kusikia kwamba nchi za Waarabu zilifungwa kwa Wakristo kwa sababu ya dini, na basi. Ukikaa ukaangalia ni nani aliyeombwa ruhusa, ni nani aliyeitoa, kwa kazi gani na kwa muda gani, unakuta mlango ambao haukuwa umefungwa kabisa wala haukuwa wazi, na walioushika walijua vizuri walichokuwa wakikitaka kutoka kwa kila aliyebisha hodi.

Misheni yenyewe, iliyojulikana kama Misheni ya Arabia, ilianzishwa mwaka 1889 na vijana wawili wa Kanisa la Reformed la Marekani, James Cantine na Samuel Zwemer, pamoja na mwalimu wao John Lansing, katika chuo cha theolojia cha New Brunswick, New Jersey. Kufikia mwaka 1893 walikuwa wameshika Basra, Bahareni na Maskati, na Kuwait iliongezeka kabla ya Vita vya Kwanza. Ukiyatazama majina hayo kwenye ramani utaona mara moja kwamba yote ni ya bandari. Hilo halikuwa kusudio lao. Tangu mwanzo walikusudia kuitumia pwani kama mahali pa kuanzia, kisha waingie bara, wafike Najd, yaani nchi ya katikati ya Arabia, na Oman ya ndani. Miaka 30 baada ya kuanza, walikuwa bado wako pwani.

Bara la Arabia wakati huo lilikuwa likipita mikononi mwa Abdulaziz bin Abdulrahman Al Saud, ambaye wageni walimwita Ibn Saud. Aliitwaa al-Hasa kutoka kwa Waturuki mwaka 1913, akamweka huko binamu yake Abdullah bin Jiluwi awe amiri, mtu ambaye ukali wake ulitajwa kwa sauti ya chini hata na waliompenda. Hakuna msafiri aliyeshuka Uqair na kupanda ngamia kuelekea Hofuf, mji mkuu wa al-Hasa, bila Ibn Jiluwi kujua ni nani, ametumwa na nani na atalala wapi. Mmisionari aliyedhani ataingia kimyakimya kwa kuvaa kanzu na kilemba alikuwa anajidanganya mwenyewe.

Njia iliyofunguka ilikuwa ya tiba. Mwaka 1917 Ibn Saud alimwita Riyadh Dk. Paul Harrison, mzaliwa wa Nebraska aliyesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi hospitali ya misheni Bahareni. Aliitwa tena mwaka 1919, wakati ile homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia ilipofika Najd na kuua watu wengi, akiwemo Turki, mwana mkubwa wa Ibn Saud. Baada ya Harrison alikuja Dk. Louis Dame, naye akaitwa Riyadh zaidi ya mara moja katika miaka ya 1920 na 1930. Hao wawili waliijua Arabia ya ndani kuliko karibu Wamarekani wote wa kizazi chao, na waliijua kwa sababu walikuwa na mkoba wa dawa.

Masharti ya mialiko hiyo ndiyo yanayonivutia. Daktari aliitwa kwa jina lake na kwa kazi maalumu. Alifikia katika nyumba aliyopangiwa, akala chakula cha mwenyeji, akatibu watu wa nyumba ya mtawala kwanza kisha watu wa mji, na alipoambiwa kwamba kazi imekwisha alifunga masanduku yake na kurudi Bahareni. Hakupewa kiwanja, hakuruhusiwa kufungua shule, hakuachiwa duka la vitabu kama yale ambayo misheni ilikuwa nayo Manama na Basra. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ibn Saud alimpa mgeni wake jembe tangu siku ya kwanza, na aliposhiba mavuno akamsindikiza mpakani kwa heshima zote.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Masanduku ya dawa na vyombo yalipakiwa jahazini, yakashushwa Uqair, yakafungwa juu ya ngamia na kuvushwa kwenye mchanga kwa siku kadhaa. Chumba cha udongo kilifagiwa kikageuzwa cha upasuaji, vyombo vikachemshwa kwenye sufuria juu ya moto wa kuni, na watu wakaanza kufika kabla hapajapambazuka: wazee wenye mtoto wa jicho, watoto ambao kope zao zimegeuka ndani kwa ugonjwa wa vikope, wanaume wenye ngiri waliyoibeba miaka mingi, wenye homa za malaria waliohitaji kwinini. Harrison alisifika hasa kwa upasuaji wa ngiri. Mtu aliyeingia akichechemea na akatoka akitembea wima baada ya siku chache alikuwa hoja ambayo hata mwanazuoni mkali aliona vigumu kuipinga hadharani, na Ibn Saud alilijua hilo.

Lakini alijua pia kwamba kila mara alipomwingiza Mkristo Riyadh alikuwa akijitia kwenye mashaka na watu wake mwenyewe. Ikhwan, wale wapiganaji wa makabila waliokuwa upanga wake, walikataa hata kuitika salamu ya Mwislamu ambaye kwa maoni yao hakufuata dini barabara, sembuse ya Mnasara. Nguvu ya Ibn Saud ilitegemea upanga huo na baraka za maulamaa wa Najd, kwa hiyo kibali alichompa daktari kilikuwa na gharama ya kisiasa, naye alikitoa kwa kipimo. Nadhani wamisionari wengi hawakulielewa hili vya kutosha. Walihesabu kila mwaliko kuwa dalili kwamba bara linafunguka, na katika ripoti zao walizowapelekea waumini wa Marekani matumaini hayo yalijirudia kila baada ya safari. Kwa mwenyeji wao kila mwaliko ulianza na kuisha hapohapo.

Upande wa pili wa kufuli ulikuwa Mwingereza. Serikali ya Kiingereza ya India ndiyo iliyosimamia Ghuba, kupitia mwakilishi wake mkuu, Mkazi wa Kisiasa, aliyekaa Bushire, upande wa Uajemi, na mawakala wake waliokaa Bahareni, Kuwait na Maskati. Kwa mikataba ya mwaka 1892 masheikh wa pwani ambayo leo ni Falme za Kiarabu waliahidi kutompa mtu ardhi wala kumruhusu wakala wa dola nyingine akae kwao bila ridhaa ya Uingereza. Kuwait ilikuwa na ahadi ya namna hiyo tangu mwaka 1899, na Ibn Saud mwenyewe alifungwa na Mkataba wa Darin wa Desemba 1915, hadi Mkataba wa Jeddah wa mwaka 1927 ulipomtambua kuwa mtawala huru kamili. Wamarekani nao hawakuwa na wa kuwasemea. Ubalozi mdogo wa Marekani mjini Maskati ulifungwa mwaka 1915. Marekani ilimtambua Ibn Saud mwaka 1931, lakini haikuwa na ofisi ya kibalozi Jeddah hadi mwaka 1942. Mmisionari aliyepata shida Bahareni alimwendea wakala wa Kiingereza, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwendea.

Mtu angetarajia kwamba Waingereza, Wakristo wenzao, wangewapigia debe. Hali haikuwa hivyo. Hospitali waliipenda, maana iliwaondolea gharama ya kujenga yao, na baadhi ya mawakala walikuwa marafiki wa kweli wa madaktari hao, wakila nao na kutibiwa nao. Lakini mmisionari anayetaka kuingia bara alikuwa mzigo. Akiuawa, Uingereza italazimika kudai fidia au kuadhibu kabila ambalo haina nguvu ya kulifikia. Akihubiri hadi akazusha fujo, lawama itaangukia dola ambayo inatawala mamilioni ya Waislamu wa India na haitaki ionekane inaieneza Injili kwa manowari. Hofu hiyohiyo ndiyo iliyowafanya watawala wa Sudan kuzuia misheni zisihubiri miongoni mwa Waislamu wa kaskazini tangu mwanzo wa utawala wao, huku kusini wakizigawia maeneo.

Tahadhari hiyo haikuwahusu wamisionari peke yao. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilipoanza kutua Sharjah kwa makubaliano na Sheikh Sultan bin Saqr, abiria waliolala hapo walilazwa ndani ya jengo lenye kuta za ngome na walinzi, wakala chakula chao, wakalala, na asubuhi wakapanda ndege kwenda India bila kuuona mji uliokuwa jirani. Ikiwa abiria aliyelipa nauli kamili ya shirika la dola yenyewe aliwekwa ndani hivyo, haishangazi kwamba daktari wa misheni aliyetaka kupanda ngamia kutoka pwani hiyo kwenda bara alipata majibu ya kumkawiza.

Kisha likatokea jambo lililowapa Waingereza hoja waliyokuwa wakiitafuta. Januari 1929, Charles Crane, tajiri wa Kimarekani ambaye mapenzi yake kwa nchi za Waarabu yalikuwa yamemfikisha hadi Sana'a kwa Imam Yahya, mtawala wa Yemen, alikuwa Basra akitaka kwenda Kuwait kwa gari. Mwongozaji wake alikuwa Henry Bilkert, mchungaji wa Misheni ya Arabia aliyekuwa akifanya kazi Basra na aliyekijua Kiarabu vizuri. Njia hiyo, ambayo kwa gari ilikuwa ya saa chache, ilipita kwenye nchi iliyo wazi ambako Ikhwan walioanza kumwasi Ibn Saud walikuwa wakivamia makabila ya upande wa Iraq na Kuwait. Kundi la wavamizi likayafyatulia risasi magari. Crane hakupigwa, Bilkert alipigwa, na akafa njiani.

Kifo hicho hukihesabu kuwa kituo kikubwa katika habari hii, ingawa waliomuua Bilkert hawakujua ni nani na pengine hawakujali. Hakufa kwa kuhubiri wala kwa kuvuka mpaka aliokatazwa. Alikuwa kati ya miji miwili ambayo misheni yake ilikuwa imekaa kwa ruhusa kwa miaka mingi, akimsindikiza mgeni. Miezi miwili baadaye, mwishoni mwa Machi 1929, Ibn Saud aliwapiga Ikhwan kwenye vita vya Sabilla, na Januari 1930 kiongozi wao Faisal al-Duwish alijisalimisha kwa Waingereza Kuwait, nao wakamkabidhi kwa Ibn Saud. Mtu angedhani kwamba baada ya upanga wa Ikhwan kuvunjika njia ya bara ingekuwa nyepesi zaidi kwa wamisionari. Usalama wa barabara kweli uliongezeka. Vibali havikuongezeka kwa kadiri hiyo, na ndipo inapoonekana kwamba Ikhwan walikuwa sababu moja tu kati ya nyingi.

Crane hakukata tamaa na Arabia. Mwaka 1931 alifika Jeddah, akapokewa na Ibn Saud, na katika mazungumzo yao akaahidi kumletea mhandisi kwa gharama zake mwenyewe ili atafute maji. Mhandisi huyo, Karl Twitchell, alizunguka nchi, maji aliyoyapata hayakuwa ya kutosheleza haja, lakini alitoa maoni kuhusu uwezekano wa mafuta upande wa al-Hasa, kisha akawa kiungo kati ya serikali ya Ibn Saud na kampuni za Marekani. Mei 1933 mkataba wa mafuta ulitiwa saini na kampuni ya Standard Oil ya California. Tarehe 23 Septemba mwaka huohuo wanajiolojia wawili wa kwanza walishuka Jubail, wakiwa wamefuga ndevu na kuvaa mavazi ya Kiarabu, kama walivyokuwa wakifanya Harrison na Dame kabla yao.

Hapo nasita kidogo, kwa sababu mpangilio huu wa mambo unavutia mno na mtu anaweza kuutwika zaidi ya unavyoweza kubeba. Hata hivyo ukweli ni huu: Mmarekani aliyenusurika kwenye gari ambalo mmisionari wake aliuawa ndiye aliyeleta mtu aliyesababisha Wamarekani wapate ruhusa ya kukaa, kujenga na kutembea al-Hasa, ruhusa ambayo misheni iliiomba kwa zaidi ya miaka 20 bila kuipata. Na mkataba wa mafuta haukuacha pengo, maana ulikuwa na kifungu kilichoinyima kampuni na watu wake haki ya kuingilia mambo ya utawala, siasa na dini ya nchi. Ibn Saud alijifunza kutoka kwa madaktari jinsi ya kumkaribisha Mmarekani kwa mipaka, na sasa mipaka ikaandikwa.

Wakati huohuo haja yake ya madaktari wa misheni ilikuwa ikipungua. Alianza kupata matabibu Waislamu kutoka Syria, akiwemo Midhat Sheikh al-Ard na baadaye Rashad Pharaon, ambao wangeweza kuishi naye mwaka mzima, kusali naye na hata kufanywa washauri na mabalozi. Kwa daktari wa aina hiyo hapakuwa na haja ya kuwaeleza maulamaa chochote. Mlango uliofunguliwa na kisu cha upasuaji ulifungwa taratibu kwa kisu kingine cha aina ileile, na sioni ajabu yoyote ndani yake. Mtu yeyote mwenye busara angefanya hivyo.

Sasa nije Maskati, ambako ndiko kwenye ile sababu ya kiukoo. Hali ya huko ilikuwa tofauti kwa sababu ya karatasi moja ya zamani ambayo wasomaji wa Zanzibar wataitambua. Mnamo Septemba 1833 Seyyid Said bin Sultan alitia saini mkataba na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, uliowapa raia wa Marekani haki ya kuingia katika bandari zote za milki yake, kufanya biashara na kukaa humo. Milki hiyo ilikuwa pamoja na Zanzibar, na ndiyo maana balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Mkataba huo ulikusudiwa wauza vitambaa na wanunuzi wa pembe na karafuu, lakini miaka 60 baadaye ulikuwa bado upo wakati wamisionari walipotia nanga Maskati. Kumfukuza Mmarekani katika bandari ya Sultani halikuwa jambo rahisi kisheria.

Katika miaka ya mwanzo huko Maskati, mwaka 1896, Peter Zwemer, mdogo wake Samuel, alikabidhiwa na balozi mdogo wa Uingereza vijana 18 wa Kiafrika waliokamatwa kwenye majahazi ya watumwa, akawafungulia shule. Kila nikisoma habari za vijana hao huwaza ni wangapi walitoka bara la nyuma ya Kilwa au Bagamoyo. Peter hakuishi muda mrefu. Alifariki mwaka 1898, na kazi yake ikachukuliwa na wengine.

Mkataba ulisema bandari, na ndani ya bandari ndimo wamisionari walimobaki. Bara la Oman lilikuwa chini ya Imamu, kiongozi wa dini na utawala asiyekuwa chini ya Sultani. Makubaliano ya Sib ya Septemba 1920 kati ya serikali ya Sultani Taimur bin Faisal na masheikh wa bara yaliliacha bara lijiendeshe lenyewe, na Imamu Muhammad bin Abdullah al-Khalili aliliongoza kutoka mwaka huo hadi alipofariki mwaka 1954. Barua ya Sultani ilimsaidia msafiri kwenye pwani ya Batinah, katika vijiji vya mitende vya Sib, Barka na Suhar, na madaktari walizuru huko kwa punda, ngamia na mashua. Ilipofika kwenye milima, barua hiyo ilimdhuru aliyeibeba kuliko kumfaa, kwa kuwa ilimtambulisha kuwa mtu wa Sultani na, nyuma ya Sultani, mtu wa Waingereza. Aliyetaka kwenda Nizwa alihitaji sheikh wa kabila ampe dhamana, na dhamana ya kabila moja iliishia pale kabila la pili lilipoanzia.

Basi watu wa bara wakaja wenyewe, jambo ambalo nadhani halijaandikwa vya kutosha. Pale daktari aliponyimwa njia, mgonjwa alipata njia, kwa sababu hakuna aliyemwuliza mzee kipofu wa Samail kibali cha kwenda Matrah, bandari jirani ya Maskati ambako misheni ilikuwa na hospitali. Watu waliteremka na misafara ya tende na ndimu, wakafunga punda wao nje ya ukuta, wakakaa na jamaa zao waliokuwa wakiwapikia uani mwa hospitali wiki nzima au zaidi, kisha wakarudi milimani na habari. Bahareni ilikuwa hivyohivyo kwa watu wa al-Hasa, Qatif na Qatar. Hospitali ya Mason Memorial ya Manama, iliyofunguliwa mwaka 1903, ilipokea kwa miaka mingi watu wa nchi ambazo madaktari wake hawakuruhusiwa kuzikanyaga. Upande wa mama yangu tuna jamaa Matrah, na wazee wao hawakuijua hospitali ile kwa jina jingine lolote isipokuwa "Tomas", kwa jina la Dk. Wells Thoms aliyekuja kuitumikia mwaka 1939. Baba yake, Dk. Sharon Thoms, alifia Matrah mwaka 1913 kwa kuanguka kutoka kwenye nguzo alipokuwa akitandika waya wa simu. Bibi mmoja katika jamaa hao alizaa watoto wake wote mikononi mwa wakunga wa hospitali hiyo, na sijawahi kusikia kwake neno lolote kuhusu mahubiri, ingawa najua kwamba kila asubuhi kabla ya kuanza matibabu wagonjwa walisomewa Injili. Alichokikumbuka ni foleni.

Wanawake wa misheni walikuwa na vizuizi vyao na nafasi zao. Dk. Eleanor Calverley, aliyeanza kazi ya tiba kwa wanawake wa Kuwait mwaka 1912, aliingia katika nyumba ambazo hakuna mwanamume mgeni angeingia, awe daktari au balozi. Mwanamke hakuhesabiwa kuwa jasusi wala mpima ramani, na ndani ya mji hilo lilimpa uhuru ambao mumewe hakuwa nao. Nje ya mji uhuru huo uligeuka, kwa kuwa hakuna amiri aliyetaka kubeba dhamana ya mwanamke wa Kizungu katika msafara wa jangwani.

Nisipoitaja Misri nitaonekana nimewapendelea wamisionari, maana huko vizuizi vilisababishwa kwa sehemu kubwa na wao wenyewe. Samuel Zwemer, aliyehamia Kairo mwaka 1912, alikuwa na kibali cha kuzuru misikiti kama mgeni yeyote. Aprili 1928 aliingia nacho Al-Azhar na kugawa vijikaratasi vya mahubiri kwa wanafunzi waliokuwa darasani. Magazeti yakawaka, suala likafika bungeni, na kibali kikafutwa. Mimi sina huruma naye katika hili. Mtu aliyepewa ruhusa ya kuangalia akaigeuza ruhusa ya kushawishi amewaharibia wenzake wote watakaoomba ruhusa baada yake. Mwaka 1933, huko Port Said, kisa cha msichana yatima wa Kiislamu aliyepigwa katika makao ya misheni kiliwasha hasira nchi nzima, serikali ikachukua watoto kutoka katika makao hayo, na kutoka hapo kila kibali cha shule au kliniki ya misheni kilitazamwa mara mbili. Habari za Kairo zilisomwa Makka, Baghdad na Bahareni. Waliokuwa wakiomba njia ya Hofuf walilipia vijikaratasi vya Al-Azhar.

Katikati ya miaka ya 1930 Dk. Harold Storm alifunga safari ndefu ya kuzunguka sehemu kubwa ya Arabia, akipitia pwani za kusini na kutibu alipoweza, ili ailetee misheni taarifa ya mahali panapowezekana kufunguliwa kazi mpya. Ilikuwa safari ya daktari mmoja mwenye masanduku, akitegemea ruhusa ya kila mji alioufikia. Vita vilipoanza Septemba 1939, vituo vya Misheni ya Arabia vilikuwa bado ni vya bandarini na vya bonde la mto Tigris huko Iraq. Katika ufalme wa Saudia haikuwa na hata chumba kimoja chake, ilhali kisima namba 7 cha Dammam, ng'ambo ya maji kutoka hospitali yake ya Manama, kilikuwa kimeshatoa mafuta ya biashara tangu Machi 1938, na Wamarekani walikuwa wakijenga nyumba za kuishi familia zao Dhahran.